Kijana wa kituoni asilale njaa chuoni: mwongozo kamili kwa Dar es Salaam

Mwanafunzi aliyelelewa na wazazi akiishiwa Jumatano hupiga simu nyumbani, na kabla ya wiki kuisha kuna kitu kimeingia kwenye simu, hata kama ni elfu tano ya shangazi. Aliyekulia kwenye makao ya watoto, au kwa familia ya malezi ya kambo, mara nyingi hana wa kumpigia. Au anaye, lakini mama mlezi ana wadogo wengine arobaini wanaosubiri uji, na kijana analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Basi ananyamaza, anapiga pasi ndefu: anakunywa maji asubuhi, anakula saa kumi jioni, siku inapita.

Mwongozo huu ni kwa walio karibu naye: walezi wa makao, familia zilizompokea, maafisa ustawi wa jamii, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, serikali ya wanafunzi, parokia na misikiti iliyo jirani na vyuo. Kijana mwenyewe pia ana mahali pake humu. Hoja yangu ni moja: njaa hii ina tarehe. Ukizijua tarehe zake, sehemu kubwa unaizuia kabla haijafika, tena kwa fedha kidogo kuliko unazotumia kuikimbiza.

Hatua ya kwanza: karatasi, kabla hajatoka getini

Hatua hii nitakaa nayo, kwa sababu mwanafunzi akikosa mkopo Novemba, tatizo lake mara nyingi lilianza Mei, kwenye faili.

Mtihani wa kidato cha sita huisha Mei, chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati hapo kuna dirisha la maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na baadhi ya vijana wakati huohuo wako Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mbali na kabati lenye vyeti vyao. Kwa hiyo faili liwe tayari kabla hajaripoti kambini. Ndani yake kuwe na haya:

Cheti cha kuzaliwa, kikiwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Kama wazazi wamefariki, vyeti vya vifo, navyo vihakikiwe RITA. Kwa waliozaliwa Zanzibar, uhakiki ni wa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii wa huko. Yatima ni miongoni mwa makundi yanayopewa uzito kwenye mkopo, lakini mfumo hauwezi kukuona kama yatima bila karatasi. Uhakiki unachukua siku, na kipindi cha foleni unachukua siku nyingi, kwa hiyo usiuache mpaka dirisha lifunguliwe.

Na yule ambaye wazazi wake hawajulikani? Aliyeokotwa akiwa mchanga hana cheti cha kifo cha mtu yeyote. Hapo anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Faili lake la kuingia kituoni ndilo ushahidi wake, na barua ya ustawi inayoeleza alivyofika makaoni itafutwe mapema, si siku ya mwisho ya dirisha.

Barua ya ufadhili. Hii wengi huisahau, na huumiza sana. Vijana wengi wa makao wamesomeshwa na wafadhili kwenye shule binafsi. Bodi ikiona shule ya ada kubwa bila maelezo, kijana anaonekana mtoto wa mwenye uwezo. Barua ya aliyemfadhili sekondari ndiyo inayoeleza kwamba ada ile haikutoka kwa baba.

Mdhamini. Fomu ya mkopo inataka mtu wa kumdhamini, pamoja na saini ya serikali ya mtaa na ya kamishna wa viapo au hakimu. Mtoto wa nyumbani anamwita mjomba. Huyu wetu je? Makao yaamue mapema nani anasimama kama mdhamini, na mtu huyo awepo mjini wiki ile. Nitasema bila kuficha: walezi wengine huogopa kusaini wakidhani deni litawaangukia wao. Wasomewe masharti ya fomu yenyewe, neno kwa neno, na waulize kabla ya kukataa.

Majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa ana jina la baba asiyejulikana alipo, kwenye cheti cha kidato cha nne ana jina la mlezi, benki wameandika la tatu. Fedha hukwama hapo. Jina la akaunti, la namba ya NIDA na la cheti cha mtihani yafanane herufi kwa herufi. Yasipofanana, nenda kwa wakili uandae kiapo cha jina mapema.

Familia ya malezi ya kambo iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, iweke namba yake ya kaya kwenye maombi. Na kijana akipangiwa kiasi kidogo kisicholingana na hali yake, kuna dirisha la rufaa. Lifuatwe. Wengine hukata tamaa wakaanza chuo na nusu mkopo, wakati barua moja iliyokosekana ingeweza kuongezwa kwenye rufaa.

Hatua ya pili: chora kalenda ya njaa

Chukua karatasi, andika miezi kumi na miwili, kisha weka alama nyekundu.

Alama ya kwanza ni wiki za kuripoti. Kijana amefika na begi, bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) halijatoka, na siku hizohizo anadaiwa mchango wa serikali ya wanafunzi, kitambulisho, bima ya afya ya mwanafunzi ya NHIF, godoro, ndoo. Hizi ndizo wiki mbaya kuliko zote kwa mwaka wa kwanza, kwa kuwa hata marafiki wa kumkopesha sahani hajawapata bado.

Alama ya pili ni siku za mwisho za kila bumu. Bumu la kula na malazi hutolewa kwa kila siku 60, na wanafunzi wanajua siku ya 45 inavyoonekana mfukoni. Bumu linalofuata likichelewa kidogo tu, hosteli nzima inadeshi, yaani inashinda bila kula, ila wenye nyumbani hudeshi kwa siku mbili, huyu hudeshi mpaka siku ya kusaini kupokea bumu.

Alama ya tatu ni likizo. Fanya hesabu hii: mabumu manne ya siku 60 ni siku 240. Mwaka una siku 365. Fedha ya mafunzo kwa vitendo, kwa aliyepangiwa, huziba sehemu ya pengo. Zinazobaki zinategemea kwamba mwanafunzi ana kwao. Mfumo mzima umejengwa juu ya dhana hiyo, wala sidhani kuna aliyekusudia ubaya, ila ndivyo ulivyo.

Alama ya nne ni mitihani, ambapo hata kibarua alichokuwa nacho anakiacha ili asome.

Ukishaziona alama hizo, gawa fedha zako kuzifuata. Kikundi kinachotoa elfu ishirini kila mwezi kwa kila kijana kinajitahidi, lakini kingefanya kazi kubwa zaidi kama kingelundika fedha hiyohiyo kwenye wiki za kuripoti na kwenye likizo, na kisitoe kitu wiki ambayo bumu limeingia.

Hatua ya tatu: bumu lipigiwe hesabu siku linapoingia

Kiwango cha kula na malazi kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa siku 60 hiyo ni 600,000. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe, siku hiyo ni kama harusi. Makaoni chakula kilikuja kwenye sahani. Bei ya kilo ya maharage hakuwahi kuulizwa. Kwa hiyo miezi ya kabla ya chuo apewe pesa ya soko ya wiki moja, anunue chakula cha meza nzima, arudi na chenji na maelezo.

Kumbuka elfu kumi si ya kula peke yake. Aliyekosa hosteli ya chuo akapanga geto Sinza, Mabibo au Changanyikeni atakutana na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, mara nyingi sita. Hiyo ndiyo inayomeza bumu la kwanza. Kama makao au wafadhili wana fedha ya mara moja, kodi ya mwanzo ndiyo mahali pa kuiweka, kwa sababu inaliacha bumu libaki kuwa chakula. Hali kadhalika ada: mwenye mkopo wa ada usiokamilika huchukua bumu kulipia ada ili asizuiwe mtihani, kisha anashinda na njaa darasani akiwa na risiti safi. Pambana na pengo la ada kwenye ofisi ya fedha ya chuo, omba kulipa kwa awamu, usiliache litatuliwe na tumbo.

Baada ya malazi na ada, tuseme imebaki 360,000. Kwa siku 60 ni 6,000 kwa siku, 42,000 kwa wiki. Ihamishwe kwenye akaunti au laini nyingine, na kila Jumatatu atoe 42,000 tu. Anayejua mkono wake ni mwepesi amwachie mtu anayemwamini. Na asisahau kusaini kwa wakati, maana fedha isiyosainiwa hurudi Bodi.

Kwa 6,000 anayekula kibandani mara tatu anafika kwa kubanabana. Wanaopika wanne kwenye sufuria moja wanapumua zaidi. Mchele na maharage wanunue Tandale kwenye nafaka, ndizi Mabibo, mboga za majani gengeni jioni wakati muuzaji anataka kufunga. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, ndipo yaingie jikoni. Mtungi wa gesi wa kilo sita utadumu zaidi. Na kwa joto la Dar, bila friji, nazi isiingie kwenye sufuria nzima. Chota ya kula leo, tia nazi humo. Yaliyobaki yachemshwe asubuhi na jioni, la sivyo kesho yatakuwa yamechacha na mboga ya siku mbili imekwenda na maji.

Hatua ya nne: chakula chenyewe

Michigan State University, kule Marekani, wanafunzi wenyewe walifungua ghala lao la chakula mwaka 1993, na mtindo huo ukaenea vyuo vingi vya huko. Watu wakisikia hilo hutaka kuanza na ghala hapahapa. Mimi nasema anza na mama lishe. Hosteli nyingi haziruhusu kupika chumbani, na unga wa mfuko kwa mtu asiye na jiko ni mzigo tu.

Nenda vibanda vya karibu na chuo saa nane mchana, wateja wakipungua. Utaona daftari limefungwa kwa mpira, ndani majina ya utani na alama: Mpemba sahani tatu, Engineer mbili, Dada wa Block C moja na chai. Mfumo wa kulisha wanafunzi tayari upo, ila wanaokula kwa deni huona aibu na wanaodaiwa sana hubadilisha njia wasipite hapo tena. Kazi yako ni kuingia kwenye daftari hilo kwa upande wa pili, yaani kulipa mbele.

Kubaliana naye bei ya sahani, idadi ya sahani kwa wiki, na sahani yenyewe ina nini. Usiache hili hewani: wali au ugali, maharage au dagaa, mboga ya majani, kila siku. Lipa kwa Lipa Namba ili kubaki na kumbukumbu, wiki moja moja, si mwezi mzima, kwani mtaji wa mama lishe ni mdogo na akiumwa mtoto fedha yako ndiyo itakayoenda hospitali, na hutakuwa na moyo wa kumlaumu. Kijana apewe jina moja la daftarini. Akifika anasema, "Shikamoo mama, niwekee wali," anakula, anaondoka kama wenzake. Hakuna kuponi yenye nembo ya shirika, hakuna picha. Wiki ya mitihani ongeza sahani ya usiku. Mwezi wa Ramadhani vibanda vingi hufungwa mchana, hivyo panga upya kabla haujaandama, na kwa wanaofunga badilisha sahani iwe futari na daku.

Kapu la nafaka lina mahali pake: kwa wenye geto, na kwa likizo. Kapu la siku 14 kwa mtu mmoja, nililopigia hesabu kwa milo miwili na uji, ni hili: sembe kilo 4, mchele kilo 2, maharage kilo 2, dagaa wakavu nusu kilo, unga wa uji kilo 1, karanga nusu kilo, mafuta lita 1, sukari kilo 1, chumvi. Kilo ya sembe hutoa sahani nne za kijana mwenye njaa ya kweli, kilo ya mchele hutoa tano au sita, kwa hiyo una milo kama 27. Maharage na dagaa vinaisindikiza yote. Uongeze na elfu chache za mboga, nyanya na vitunguu, maana hivyo havihifadhiki.

Nimeweka sembe badala ya dona kwa sababu moja tu: dona lina mafuta ya kiini na huwahi kuchacha kwenye stoo yenye joto. Kama kapu linatoka wiki hiyohiyo, weka dona, lina lishe zaidi. Karanga zichambuliwe, zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupwe kwa hofu ya sumukuvu. Ndoo zenye mfuniko wa kubana ndizo stoo bora. Panya wa Dar hawana heshima na mfuko wa nailoni.

Hatua ya tano: namna ya kuuliza

Mpigie kijana simu, sema "Umekula?" Atajibu "Nimekula mama, asante." Atajibu hivyo hata kama hajala tangu jana, kwa kuwa ndivyo adabu inavyotaka, na kwa kuwa makaoni alifundishwa kutokuwa mzigo. Uliza hivi: "Leo umekula nini, saa ngapi, na nani?" Ukisikia "chai" saa kumi na moja jioni, umejibiwa. Kimya cha kikundi cha WhatsApp nacho ni jibu, hasa kwa aliyekuwa mchangamfu.

Chuoni usiweke tangazo linalosema "wanafunzi yatima wafike ofisi namba fulani." Watafika wawili, tena si wenye shida zaidi. Weka huduma wazi kwa mwanafunzi yeyote aliyeishiwa, kisha wale wa makaoni waambiwe mmoja mmoja na mtu wanayemjua. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi iombe makao yaitumie majina kwa ridhaa ya vijana wenyewe, si kwa kupekua mafaili ya mikopo. Kila kijana awe na mtu mmoja chuoni, mhadhiri au mfanyakazi, mwenye namba yake na mwenye kalenda ile yenye alama nyekundu.

Nao wakubwa waliotoka kituo hichohicho na sasa wana kazi ni hazina isiyotumika. Kaka aliyepita njia hiyo haambiwi "nimekula" kirahisi.

Hatua ya sita: fedha ya kuendesha

Jiji hili linajua kuchanga. Kadi za harusi zinagawiwa kwa watu wasiomjua hata bibi harusi, na fedha inapatikana. Tumia utaratibu uleule: kamati ndogo, mweka hazina mmoja, ahadi zenye tarehe, na mahesabu yanayowekwa kikundini kila mwezi. Omba sahani badala ya fedha: "lipia sahani kumi za wiki ya kuripoti" hueleweka haraka kuliko "changia elimu." Zaka na sadaka zina nafasi hapa, ila masharti ya dini yasigeuke masharti ya kula. Atakayelazimishwa kuhudhuria ibada ili apate wali ataacha vyote viwili.

Hatua ya saba: wanaokuja na chakula kabla yako

Usipofika wewe, wengine watafika. Mikopo ya kausha damu, yaani ya mtaani yenye riba kubwa, na ile ya programu za simu hutolewa kwa dakika chache, na baadhi ya waendeshaji wake hawana leseni ya Benki Kuu. Akichelewa kulipa, watu walio kwenye simu yake huanza kupokea ujumbe wa kumdhalilisha. Kabla hajakopa popote, awe na mahali pa kukopa shilingi elfu ishirini bila riba: tenga kiasi kidogo kwa kazi hiyo, kirudishwe bumu likiingia. Mikeka ya kubeti ni hivyohivyo. Wengi huanza ili kuifanya elfu tatu iwe chakula cha wiki.

Kwa wasichana kuna sponsa, mtu mzima anayeanza na chipsi kuku na lifti ya kurudi hosteli. Msimhubirie binti aliyelala njaa siku mbili. Mpeni sahani kwanza, kisha mzungumze, tena azungumze naye dada anayemheshimu. Ikiwa anayemtaka ni mtu mwenye mamlaka juu ya alama zake, hiyo ni rushwa ya ngono, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113.

Hatua ya nane: likizo na mwaka wa mwisho

Wiki nne kabla ya chuo kufungwa, muulize kila kijana atalala wapi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na makao mengine hayana tena kitanda kwa ajili yake. Mpango unaweza kuwa chumba kimoja cha wageni makaoni, familia iliyowahi kumlea, au chuo kumruhusu abaki hosteli kwa ada ndogo. Barua ya kuomba abaki iandikwe na makao, si na yeye peke yake. Kwa wanaobaki mjini, kapu la siku 14 litoke mara mbili kwa likizo ndefu, pamoja na kibarua kilichotafutwa mapema: kufundisha watoto masomo ya ziada, uwakala wa fedha za simu, kazi za maktaba.

Mwaka wa tatu ukiisha hakuna bumu, hakuna hosteli, na cheti hakijatoka. Weka miezi mitatu ya kapu kwa kila anayemaliza, lenye tarehe ya kuanza na ya kwisha inayojulikana kwake tangu mwanzo. Lichukuliwe palepale alipokuwa akilichukua, kwa jina lilelile la daftarini.